Taa za Zamani katika Nyumba za Kisangani: Historia Yake na Namna ya Kuzitunza

Watu wengi hufikiri kwamba historia ya mji inakaa katika vitabu na katika barua za Serikali tu. Sivyo. Inakaa vilevile katika vitu vidogo vya nyumba: katika kufuli, katika sanduku la bati, katika kitanda cha chuma, na zaidi ya hayo katika taa. Maana taa ni kitu ambacho watu walikishika kila siku jioni. Aliyeijaza mafuta, aliyeisafisha kioo, aliyesoma karibu nayo na aliyekatazwa kuikaribia, wote wameacha alama yao.

Katika Kisangani yetu taa za zamani zinaonekana bado. Ziko katika nyumba za kando ya mto mtaani Makiso, katika vyumba vya misioni, katika nyumba za wafanyakazi wa reli kule Lubunga, na ndani ya masanduku ya wazee. Lakini zinapungua kila mwaka. Wengine wanazing'oa na kuweka za plastiki. Wengine wanaziuza kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kwa sababu shaba ya manjano ina bei. Wengine wanazitumia kama zilivyo, na nyaya zake zilizooza, hata siku moja nyumba inashika moto. Hasara ni tatu basi: mali inapotea, kumbukumbu inapotea, na pengine uhai wa watu unapotea.

Tumeona inafaa tueleze mambo matatu: taa hizi zilifika ginsi gani, nani waliziweka hai, na mtu afanye nini anapoikuta moja.

I. Mwanga wa wazee wetu

Kwanza tuondoe neno la uongo. Wako wanaosema kwamba kabla ya Wazungu watu wa hapa walikaa gizani. Msitu ulikuwa na mwanga wake. Moto wa kuni uliwaka katikati ya watu wakati wa hadithi. Kwa kutembea usiku, na kwa kuvua samaki, walifunga mienge na kuipaka utomvu wa miti. Utomvu huo ulioganda, yaani sandarusi, unawaka vizuri na una harufu nzuri. Baadaye wafanyabiashara waliununua kwa wingi sana ili kutengeneza vanishi za Ulaya. Tena kulikuwa na mafuta ya mawese. Chombo cha udongo, mafuta kidogo, utambi wa nyuzi: hiyo ni taa kamili, nayo haina haja ya duka.

Kisha wakafika watu wa pwani. Stanley alipita kwenye maporomoko mwezi wa Januari 1877, akirudi akaweka kituo mwezi wa Desemba 1883. Lakini katikati ya safari hizo mbili wafanyabiashara Waarabu na Wangwana walikuwa wamekwisha kufika. Mkubwa wao Tippo Tip akafanywa gavana wa Stanley Falls mwaka wa 1887. Habari ya watumwa na ya pembe za ndovu inajulikana, wala hatutaki kuipunguza. Vita vya miaka 1892 hata 1894 vikavunja utawala wao. Lakini waliacha nyuma lugha tunayoiandika hapa, na ndani ya lugha hiyo waliacha majina ya taa.

Waseminari wanaojifunza Kilatini wasikilize neno hili. Sisi tunasema kandili. Wangwana walilipata neno hilo kwa Waarabu, waliosema qindil. Waarabu nao walilipata kwa Wayunani, na Wayunani kwa Warumi: ndilo candela, lile la mishumaa ya altari. Basi neno lililozunguka Bahari ya Kati, likavuka Bahari ya Hindi, likatembea kwa miguu toka Zanzibar hata Lualaba, likamkuta ndugu yake hapa Kisangani siku mapadri walipofika na vitabu vyao vya Misa. Na wale wanaosema Lingala katika mji wana neno lao, mwinda. Kila njia ya biashara imetuletea jina lake.

II. Taa ya petroli na safari yake

Taa ya petroli si ya zamani sana. Mwaka wa 1853 mtengeneza dawa mmoja Mpolandi, Ignacy Łukasiewicz, aliwasha taa ya namna hii katika mji wa Lviv. Katika miaka michache petroli ilienea ulimwenguni pote, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko mafuta ya nyangumi, na mwanga wake ulikuwa mkubwa kuliko wa mshumaa.

Taa iliyojulikana zaidi katika Kongo ni ile wanayoiita tempeti, yenye mkono wa waya na vyuma viwili mbavuni. Wengi wanafikiri vyuma vile ni vya kulinda kioo tu. Sivyo, ni njia za hewa. Katika miaka ya 1860 na 1870 Mwamerika John Irwin alivumbua ginsi ya kupitisha hewa katika mabomba ya mbavuni na kuishusha hata chini ya moto. Kwa hiyo upepo ukivuma, moto hauzimiki. Kampuni ya Dietz ya Marekani ilizieneza, na kiwanda cha Feuerhand cha Ujeremani kikazitengeneza vilevile. Majina yao yamepigwa muhuri juu ya chuma. Ukisafisha taribu utayasoma.

Tufikiri sasa safari ya debe moja la petroli. Mwaka wa 1897 Padri Gabriel Grison, wa shirika la Mapadri wa Moyo Mtakatifu, alianzisha misioni ya Mtakatifu Gabrieli karibu na maporomoko. Reli ya Matadi hata Léopoldville haikuwa imekwisha bado. Ilifunguliwa mwaka wa 1898. Basi kila mzigo ulitoka melini, ukapita sehemu ya njia juu ya vichwa vya wapagazi, ukaingia katika masua, ukapanda mto karibu kilometa 1,700. Mwaka wa 1890 masua moja, aliyokuwamo mwandishi Joseph Conrad, ilitumia karibu mwezi mzima toka Kinshasa hata maporomoko. Masua za siku zile zilifunga kamba jioni, kwa sababu mchanga wa mtoni hauonekani gizani, na watu wakakata kuni kwa safari ya kesho. Kwa njia hiyo petroli ilipofika hapa ilikuwa na bei ya dhahabu. Misioni iliipima kwa kikombe.

Mwaka wa 1906 reli ya kupita maporomoko ilifika Ponthierville, ndiyo Ubundu ya leo, kilometa 125. Reli haiendi bila taa. Nyuma ya gari la mwisho kulikuwa taa nyekundu. Mkononi mwa mkubwa wa stesheni kulikuwa taa ya vioo vya rangi. Mtu aliyezisafisha alifanya kazi ya hatari kuliko alivyofikiriwa, kwa maana kioo chenye masizi kingeweza kuua abiria.

Na katika nyumba, nani alizisafisha? Alikuwa boyi, au mwanafunzi wa misioni, au msakristani. Kila siku mchana aliziweka zote katika mstari: kukata utambi, kupangusa kioo kwa karatasi, kujaza, kufunga. Taa zilipotoa moshi ndiye aliyegombezwa. Hatumkuti katika vitabu, lakini bila yeye hakuna barua iliyoandikwa usiku katika Stanleyville. Mafundi wengi wa kwanza wa mji huu walijifunza chuma kwa njia hii, wakifungua na kufunga vinywa vya taa kabla hawajaguswa na mashine kubwa.

Kisha ikaja taa ya pompi, kama Petromax ya Berlin na Coleman ya Marekani. Hapa petroli haipandi kwa utambi. Inasukumwa na hewa, inageuka mvuke, nayo inawasha mfuko mdogo wa kitambaa uitwao manshoni. Aliyevumbua manshoni ni Carl Auer von Welsbach wa Austria, mwaka wa 1885. Alitia kitambaa katika chumvi za madini, mwishowe thoriamu sehemu 99 na seriamu sehemu 1. Kitambaa kinaungua, majivu yanabaki na umbo lake, nayo yanang'aa kwa mwanga mweupe. Taa moja ya namna hii ilitosha kwa darasa zima, kwa ngoma ya arusi, kwa kilio, kwa Misa ya usiku wa Noeli katika kapela ya kijiji. Hata leo mkatekista mzee atakuambia mwaka ambao taa ya pompi ilifika kijijini mwake.

III. Umeme na mpaka wa mji

Mtambo wa umeme wa mto Tshopo ulianza kazi mwaka wa 1955. Una mashine tatu zenye nguvu karibu megawati 19 zote pamoja. Katika miaka ile nyumba za Makiso zilipata vitu tunavyovikuta hata leo: taa za ukutani za shaba ya manjano, vioo vyeupe kama maziwa vilivyo mviringo chini ya plafo, duyi za kauri, vifungo vyeusi vya kuwashia. Vifungo vile ni vya bakelaiti, plastiki ya kwanza iliyofanywa na mtu kwa ukamilifu. Alivumbua Leo Baekeland, mzaliwa wa Gent katika Ubelgiji, alipokuwa Marekani mwaka wa 1907.

Lakini mwanga huo ulikuwa na mpaka. Ulianza katika nyumba za Wazungu, katika ofisi na magazini. Mitaa ya Wakongomani ilipata baadaye, tena kidogo. Na mtu mweusi hakuruhusiwa kutembea usiku katika mtaa wa Wazungu bila karatasi, tangu saa tatu hata alfajiri. Basi mtu aliyefanya kazi mchana kutwa akifunga nyaya katika sebule ya bwana, jioni alivuka kurudi kwake, akawasha kibatari.

Tuangalie tena vitu vyenyewe. Ndani ya taa ya ukutani kuna waya wa shaba. Shaba ya Katanga ilianza kuyeyushwa Elisabethville mwaka wa 1911. Juu ya waya kuna mpira. Na wasomaji wanajua ginsi mpira ulivyotolewa katika misitu yetu wakati wa Léopold II, kwa fimbo na kwa damu. Ulaya ilitaka mpira kwa magurudumu, na tena kwa kufunika nyaya za umeme. Mawese yetu nayo yalishuka mto yakawa sabuni na mishumaa ya watu wengine. Hatusemi kwamba waya wa nyumba fulani ya Makiso una mpira wa kijiji fulani. Hilo halijulikani, na mpira wa siku za baadaye ulitoka zaidi katika mashamba ya Asia. Tunasema hivi tu: Kongo ilitoa vitu vya kufanya mwanga miaka mingi kabla haijapewa mwanga. Anayeng'oa taa ile na kuitupa, anatupa ushuhuda wa jambo hilo. Afadhali ikae ukutani na watoto waambiwe.

IV. Miaka ya giza na kazi ya mafundi

Baada ya Uhuru taa zetu zilipita katika majaribu makubwa. Mwaka wa 1964 Simba waliushika mji tarehe 5 Agosti; tarehe 24 Novemba askari wa Ubelgiji walishuka kwa miavuli. Watu wengi walikufa, Wakongomani na wageni, mapadri na masista katikati yao, na misioni nyingi zilibaki tupu. Mwaka wa 1973 Serikali iliamuru maduka ya wageni yapewe wananchi. Mengi yalifungwa kwa muda mfupi, na vioo vya taa, tambi, manshoni, vikaadimika. Mwaka wa 1991 yakaja mapora katika inchi. Tarehe 15 Machi 1997 mji ukashikwa tena kwa vita. Na mwezi wa Juni mwaka wa 2000, kwa siku sita, majeshi ya Rwanda na ya Uganda, ambayo yote mawili yalikuwa ya kigeni, yalipigana katikati ya mji wetu. Mabomu yalianguka juu ya nyumba, juu ya shule, hata juu ya kanisa kuu la Bikira Maria wa Rozari. Umeme na maji vilikatika. Watu waliwazika wafu wao uani.

Katika siku kama hizo ndipo tunaona historia ya mwanga haiendi kama ngazi, eti mwenge, kisha petroli, kisha umeme, na kila kitu kipya kinafuta cha zamani. Kisangani haikwenda hivyo. Mtambo wa Tshopo uliendelea kuzeeka, mara nyingi mashine moja au mbili tu zikafanya kazi. Na kila umeme ulipokatika, tempeti ya babu ilishuka toka juu ya kabati. Petroli ilipokosekana, watu walirudi kwa mawese. Bati la maziwa likawa chombo, kipande cha nguo ya pamba kikawa utambi. Chupa iliyokatwa ikawa kioo. Mafundi wa Mangobo na Kabondo walitoboa, walipinda, waliunga kwa risasi, wakarudisha taa kwa wenyewe. Leo taa za jua zimeingia, ndogo na rahisi, nazo ni msaada mkubwa kwa wanafunzi. Lakini nyingi zinakufa upesi, na wengi hawajui kuzifungua. Tempeti ya miaka 60 inaweza kufunguliwa kwa turnevisi moja.

Basi aliyehifadhi mwanga wa Kisangani si mwenye kiwanda wala mwenye duka. Ni fundi. Kila mara mnyororo wa vitu vya kigeni ulipokatika, yeye aliunga pete iliyokosekana.

V. Namna ya kutengeneza taa ya zamani

Tuje sasa kwa kazi yenyewe. Sheria ya kwanza: angalia kabla ya kugusa. Andika jina la kiwanda, mahali taa ilipokaa, na jina la aliyeitumia kama linajulikana. Sheria ya pili: usiondoe kitu kizima kwa sababu ni kizee. Sheria ya tatu: uhai wa mtu unapita uzuri wa taa. Sheria ya pili na ya tatu zikigombana, ya tatu inashinda.

Kwa taa yoyote ya chuma, leta sumaku. Ikishika, ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba tu. Usikisugue, maana rangi itaondoka na kutu itaingia. Isiposhika, yaweza kuwa shaba ya manjano kweli. Hiyo inasafishwa kwa ndimu na chumvi, kisha inaoshwa kwa maji safi na kukaushwa sana. Usisugue juu ya muhuri wa kiwanda. Wako watu wanaotaka taa ing'ae kama mpya, wakaisugua hata jina likafutika. Wamepata mwanga wa siku moja na kupoteza cheti cha kuzaliwa.

Kwa tempeti, toa kinywa cha taa na kukichemsha katika maji yenye soda ya kufulia. Utando wa petroli ya zamani utatoka. Pitisha sindano katika matundu yote madogo, kwa sababu hewa isipopita, moto utatoa moshi. Safisha na mabomba ya mbavuni. Mara nyingi nyigu au buibui amejenga humo, na mwenye taa analaumu utambi bure. Utambi ukatwe sawasawa, na pembe zake mbili zipunguzwe kidogo. Kisha ungoje mafuta yaulowe kabla ya kuwasha.

Kama chombo cha mafuta kinavuja, tahadhari. Chombo kinachoonekana kitupu kina mvuke ndani, na mvuke ndio unaopasuka. Kwanza ukioshe mara nyingi kwa maji ya moto na sabuni. Wakati wa kuunga kwa risasi, kijazwe maji hata karibu na tundu, na kifuniko kiwe wazi. Fundi asiyekubali kufanya hivyo, usimpe kazi.

Neno lingine la kufa na kupona: petroli si esansi. Taa ya utambi, na taa ya pompi iliyofanywa kwa petroli, zisitiwe esansi hata tone. Wauzaji wengine wa njiani wanachanganya mafuta ili wapate faida. Mafuta yakinuka esansi, au yakishika moto kwa haraka kuliko kawaida, usiyaingize nyumbani. Na usijaze taa inayowaka, hata kama Padri anangoja.

Kwa taa ya pompi, ugonjwa wa mara nyingi ni ngozi ya pompi iliyokauka. Itoe, uipake mafuta, uilainishe kwa vidole. Itarudi kufanya kazi. Tundu la mvuke lisafishwe kwa sindano yake mwenyewe, wala si kwa msumari, maana tundu likipanuka taa imekwisha. Manshoni ya zamani yana thoriamu, madini yenye nguvu ndogo ya miali. Si ya kuogopa kama simba, lakini majivu yake yasivutwe puani. Yaondolewe kwa kitambaa chenye maji, mikono ioshwe, na watoto wakae mbali. Manshoni mapya mengi yanafanywa bila thoriamu. Tena taa ya pompi isiwashwe katika chumba kilichofungwa.

Kwa taa za umeme za Makiso na za misioni, ukate umeme kwanza katika fizibu kubwa, na kuhakikisha. Kisha utazame waya. Nyaya za wakati ule zilifunikwa kwa mpira na pamba. Nje zinaonekana nzima, lakini ukizipinda mpira unavunjika kama mkate mkavu. Hizo hazitengenezwi. Zitolewe zote, na waya mpya upite ndani ya bomba lilelile la shaba. Hapa hatuharibu historia: waya ulikuwa wa kubadilishwa tangu mwanzo, lakini mwili wa taa ulikuwa wa kubaki. Duyi ya kauri ambayo haikupasuka ibaki. Kifungo cha bakelaiti chenye ufa kisitumike tena. Kiwekwe katika sanduku, kifungo kipya kikae mahali pake. Taa ya shaba inayoweza kuguswa na mkono ipewe waya wa kwenda ardhini.

Mwishowe ampuli. Vioo vya zamani vingi vilifanywa kwa ampuli ndogo. Ukitia kubwa, joto linapasua kioo na kukausha waya. Ampuli mpya za LED zinatoa mwanga wa ampuli ya wati 60 kwa wati 8 au 9 tu, na joto lake ni dogo. Hapa kitu kipya kinaponya cha zamani. Katika mji wenye umeme wa kukatika, hata betri ndogo ya jua yaweza kuwasha taa ya shaba ya mwaka wa 1955, mradi ampuli iwe ya volti za betri.

VI. Taa ya tabernakulo

Iko taa moja inayotugusa zaidi, ile iwakayo mbele ya Sakramenti Takatifu. Sheria ya Kanisa ya mwaka wa 1917, katika kanoni ya 1271, iliagiza iwake usiku na mchana kwa mafuta ya zeituni au nta ya nyuki; lakini mahali pasipo zeituni askofu aliweza kuruhusu mafuta mengine, ya mimea kama ingewezekana. Wasomaji wanaona mara moja maana yake kwetu: sheria iliyoandikwa Roma iliacha mlango wazi kwa mimea ya kila inchi, na kwa hiyo kwa mawese vilevile. Sheria ya mwaka wa 1983, katika kanoni ya 940, inaagiza taa ya pekee iwake daima ili kuonyesha na kuheshimu kuwapo kwake Kristo. Haisemi tena ni mafuta gani.

Katika parokia za zamani taa hizi ni za shaba, zimetundikwa kwa minyororo mitatu, na kioo chake ni chekundu. Tunaziangalia toka chini, hatuoni ginsi pete za juu zimelika. Ziteremshwe mara moja kwa mwaka. Pete iliyokuwa nyembamba ibadilishwe, na ndoano ya plafo ijaribiwe kwa uzito unaopita ule wa taa. Kioo kikivunjika, tusiitupe taa yote. Glasi nyekundu ya kawaida yenye kipimo kilekile inafaa. Na kama wakubwa wanapenda kuweka ya umeme, ya shaba isiuzwe bila ruhusa. Mali ya kanisa ina sheria zake, na paroko wa leo si mwenyewe bali mlinzi.

VII. Kazi ya kila mmoja

Tumalize kwa mashauri machache. Paroko aandike katika daftari la vitu vya misioni kila taa ya zamani: umbo, muhuri, mahali, mwaka ilipotengenezwa upya, na jina la fundi aliyeitengeneza. Jina la fundi lisisahauliwe. Limesahauliwa miaka mia na zaidi. Mkatekista awaulize wazee: taa ya kwanza ya kijiji ilitoka wapi, nani aliibeba, nani aliiwasha, iliishia wapi? Majibu ya namna hii hayapatikani katika ofisi yoyote, na wazee wanaondoka. Mseminari naye ajifunze kufungua tempeti moja na kuifunga tena. Siku atakapopewa parokia ya mbali na umeme ukakosekana, hatangoja mtu wa mjini.

Mwenye nyumba anayetaka kuuza taa zake kwa kilo, amwite kwanza fundi, akamwulize bei ya kuitengeneza. Mara nyingi ataona kwamba kinachotakiwa ni waya wa mita mbili, utambi mmoja, na saa moja ya kazi.